Kwa Nini Kidonge cha Wifi Yako Si Chako

Baada ya sala ya Alasiri, mamangu na shangazi yangu huketi dakani, pale nyumbani Langoni, Lamu, wakazungumza mpaka Magharibi iadhiniwe. Siku moja niliwakuta wamefungua bahasha zao za dawa na kuvimwaga vidonge kwenye sinia, wakivilinganisha kimoja kimoja. Wote wawili walikuwa wamepimwa presha asubuhi ile katika kliniki moja, na mashine ilikuwa imewatolea nambari zinazokaribiana sana, mia na sitini na kitu juu, mia moja chini. Hata hivyo shangazi alikuwa ameandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku, ilhali mama alikuwa ameandikiwa enalaprili, na juu yake metformini ya sukari. Shangazi akaona amepunjwa. "Wifi," akamwambia mama, "hebu nigawie hivi vyako vichache nami nivionje, huenda ndivyo vyenye nguvu."

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na swali la shangazi ninaulizwa karibu kila siku kwa maneno tofauti: ugonjwa ni mmoja, mbona dawa ni mbili? Ni swali la haki, na jibu lake halitoshi kuelezwa kwa mtu aliyesimama juani akisubiriwa na boti ya Mokowe. Kwa hiyo nalieleza hapa kwa utulivu, nikianzia na hiyo presha yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi namna dawa inavyochaguliwa.

Tunaitaja presha kana kwamba ni kitu kimoja kilichomwingia mtu, lakini kwa hakika ni kipimo tu cha nguvu ambayo damu inazisukumia kuta za mishipa. Nguvu hiyo hutokana na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: jinsi moyo unavyopiga, wingi wa maji na chumvi vilivyomo ndani ya mishipa, na wembamba wa mishipa midogo inayopeleka damu mwilini. Watu wawili wanaweza kupata nambari moja kwa njia mbili mbalimbali. Mmoja mwili wake umeshikilia chumvi nyingi, na kwa sisi tuliolelewa kwa ng'onda, papa mkavu na achari jambo hilo si geni; mwingine mishipa yake imekaza. Dawa za presha zimegawanyika kwa kufuata mambo hayo, na kila kundi lina mlango wake wa kuingilia.

Amlodipini ya shangazi huingilia kwenye mishipa. Ukuta wa mshipa wa kupeleka damu una misuli, na misuli hiyo haiwezi kukaza mpaka kalisiamu iingie ndani ya chembe zake kupitia vijitundu maalumu. Amlodipini huvibana vijitundu hivyo, kalisiamu ikapungua, misuli ikalegea, mshipa ukapanuka na damu ikapita kwa nguvu ndogo zaidi. Kasoro yake inajulikana: baada ya wiki kadhaa wengine huvimba vifundo vya miguu, hasa jioni. Wengi hudhani uvimbe huo unatoka kwenye figo, kumbe mishipa inayoleta damu imepanuka zaidi ya ile inayoirudisha, na maji yakasukumwa kutoka nje yakatuama chini. Ndiyo sababu dawa ya kukojoza hailiondoi vizuri tatizo hilo, na mara nyingi tabibu hupunguza kipimo cha amlodipini au huongeza dawa ya kundi jingine inayofungua pia mishipa ya kurudishia.

Enalaprili ya mama imepita njia ndefu zaidi. Figo zikihisi kwamba damu inayozifikia ni kidogo hutoa ishara, na ishara ile hupitia hatua kadhaa mpaka ikazaa homoni iitwayo anjiotensini ya pili, ambayo huikaza mishipa na kuuamuru mwili ushike chumvi. Hatua ya mwisho ya kuitengeneza homoni hiyo hufanywa na kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, na enalaprili hukifunga mikono kimeng'enya hicho. Fikra ya kuunda dawa za namna hii ilitokana na sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambaye huishusha presha ya anayemuuma hata akaanguka. Dawa ya kwanza ya kundi hilo inayomezwa, kaptoprili, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mama hakufurahi nilipomweleza habari za nyoka.

Sasa, kwa nini mama apewe hiyo na shangazi apewe ile? Miongoni mwa watu weusi, mara nyingi presha huendeshwa zaidi na chumvi iliyoshikiliwa kuliko na homoni ile ya figo, na kwa sababu hiyo enalaprili ikipewa peke yake huwa haifui dafu kwa wengi wetu kama inavyofaa kwa wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ulioshirikisha wagonjwa weusi 728 kutoka nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ulilinganisha namna tatu za kuunganisha dawa mbili mbili. Walioshushwa presha vizuri zaidi ni wale ambao mojawapo ya dawa zao ilikuwa amlodipini, iwe imeunganishwa na dawa ya kukojoza au na dawa ya kundi la enalaprili. Kwa shangazi, mwenye miaka sabini, asiye na sukari wala tatizo la figo, amlodipini ilikuwa chaguo la kutarajiwa.

Mama ni habari nyingine. Ana sukari, na siku ile walipompima mkojo waliukuta na protini. Protini kwenye mkojo ni dalili kwamba vichujio vidogo vya figo vimeanza kuchoka kwa kusukumwa na damu yenye presha na sukari. Kila kichujio kina mshipa wa kuingizia damu na mshipa wa kutolea, na anjiotensini huukaza zaidi ule wa kutolea, hivyo presha ya ndani ya kichujio ikapanda. Enalaprili huulegeza mlango huo wa nyuma, kichujio kikapumua. Mama basi alipewa enalaprili kwa ajili ya figo zake pamoja na presha yake, na tabibu alijua kwamba huenda ikabidi baadaye amwongezee amlodipini ili nambari zishuke sawasawa. Ukiitazama bahasha peke yake huyaoni hayo yote, kwa kuwa bahasha haiandikwi sababu. Huandikwa "1 x 1" na jina la dawa, basi.

Kuna mtu wa tatu katika nyumba hiyo hiyo, binti wa shangazi, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita na presha yake ilikuwa imepanda. Yeye alipewa methildopa, dawa ya zamani ambayo siku hizi haitumiki sana kwa watu wengine. Enalaprili na jamaa zake huzidhuru figo za mtoto tumboni na zinaweza kumwua, kwa hiyo mjamzito hapewi kabisa, na mwanamke anayezimeza anapaswa kumwambia tabibu mapema anapokusudia kubeba mimba. Hebu fikiria kama shangazi angemgawia bintiye vidonge vya mama kwa nia njema, kwa kuwa "ni vya presha vile vile".

Baada ya kujua dawa inafanya nini, linafuata swali la muda, nalo ndilo linalowatatiza watu zaidi. Shangazi alimeza amlodipini siku tatu, akaenda kupimwa, akaambiwa presha haijashuka sana, akarudi amekasirika. Nilimweleza kwa mfano wa birika. Nyumba za kale za hapa Lamu zina birika la maji ndani, na wengine huweka humo visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Chukulia kwamba birika lina tundu dogo chini, na kila asubuhi unalitia ndoo moja ya maji. Siku ya kwanza maji ni machache na yanavuja polepole. Siku ya pili unaongeza ndoo juu ya yale yaliyobaki, kina kinapanda, na kwa kuwa kina kimepanda yanavuja kwa kasi zaidi. Itafika siku ambapo yanayovuja kutwa ni sawa na ndoo unayotia, na hapo kina kitatulia. Dawa mwilini ni hivyo hivyo: kidonge ni ndoo, na tundu ni ini na figo zinazoiondoa. Nusu ya amlodipini iliyomo mwilini huchukua kati ya saa 30 na saa 50 kuondoka, kwa hiyo kina chake hakitulii mpaka ipite wiki moja hivi au zaidi, na mishipa nayo inahitaji muda wa kuizoea hali mpya. Kumpima mtu siku ya tatu na kuihukumu dawa ni kulihukumu birika kabla halijajaa.

Mfano huo huo unaeleza kwa nini dawa nyingine humezwa mara moja kwa siku na nyingine mara tatu. Parasetamoli nusu yake huondoka kwa saa mbili au tatu tu. Tundu lake ni kubwa, na ukitaka maumivu yakae mbali lazima ndoo zije kwa kufuatana. Inapoandikwa "1 x 3" maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Wengi husoma asubuhi, mchana na jioni, wakameza cha kwanza saa mbili asubuhi na cha mwisho saa kumi na mbili jioni, hivyo usiku kucha birika likabaki kavu. Kwa dawa ya maumivu hasara ni usingizi tu. Kwa dawa ya kuua vijidudu hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Kabla sijaendelea, kuna kituo kimoja njiani ambacho wagonjwa wachache hukifikiria. Kila kinachofyonzwa kutoka kwenye utumbo hupelekwa kwanza kwenye ini, kama shehena ya jahazi inavyopitia forodhani kabla ya kuingia mjini, na ini hukata ushuru wake. Dawa nyingine hutozwa kiasi kikubwa hata kinachobaki ni kidogo, ndiyo maana kipimo cha kumeza huwa kikubwa kuliko kipimo cha sindano cha dawa ile ile. Sindano haina baraka ya ziada. Inaikwepa forodha tu. Kwa ugonjwa ambao kidonge kinaufikia vizuri, kuomba sindano ni kuomba maumivu na gharama bure. Na wapo wanaoiharibu kazi ya forodha bila kujua: balungi lina kitu kinachovilaza vimeng'enya vya ukuta wa utumbo, na kwa baadhi ya dawa, kama nifedipini ya presha na simvastatini ya mafuta ya damu, dawa ikaingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa.

Nirudi kwa shangazi, kwa sababu mwezi wa pili presha yake ilipanda tena ingawa alikuwa hajakosa kidonge hata siku moja. Ilichukua maswali mengi mpaka akasema kwamba magoti yanamuuma, na kwamba kila jioni humeza diklofenaki aliyoletewa na mwanawe kutoka Mombasa. Hakuitaja kule kliniki kwa sababu aliulizwa kama anatumia dawa nyingine ya presha, na ile ni ya magoti.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu. Zote humzuia mfanyakazi mmoja, kimeng'enya kinachotengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Kazi hiyo iligunduliwa na Mwingereza John Vane mwaka 1971, naye akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na kuuzidisha uchungu pale goti linapoumia, na ukizizuia goti hutulia. Ila hizo hizo prostaglandini, sehemu nyingine za mwili, ni walinzi: tumboni huchochea ute unaoufunika ukuta usichomwe na asidi, na kwenye figo huiweka wazi mishipa ya kuingizia damu. Dawa haina macho ya kuchagua goti na kuliacha tumbo. Ndiyo asili ya vidonda vya tumbo kwa wanaozimeza kila siku, na ndiyo asili ya presha ya shangazi, kwa kuwa figo zilizopungukiwa na damu huanza kushika chumvi na maji. Kwa mama hatari ingekuwa kubwa zaidi. Mtu anayemeza enalaprili mlango wa nyuma wa vichujio vyake umelegezwa. Akiongeza diklofenaki mlango wa mbele unabanwa. Na akiwa pia anatumia dawa ya kukojoza, katika joto la Machi na jasho lake, figo zinaweza kusimama kazi kwa siku chache tu. Mchanganyiko huo wa dawa tatu nauogopa kuliko mengi ninayoyaona kaunta.

Aspirini ina tabia yake ya pekee inayostahili kuelezwa. Ndugu zake hukikalia kimeng'enya kwa muda kisha huondoka, bali aspirini hukiharibu moja kwa moja. Sehemu nyingi za mwili hutengeneza kingine, lakini chembe sahani, zinazoigandisha damu, hazina kiini cha kutengenezea, kwa hiyo zilizoguswa hubaki hivyo mpaka zife baada ya siku kumi hivi. Kwa sababu hiyo kipimo kidogo cha miligramu 75 kwa siku, kisichotosha hata kutuliza kichwa kinachouma, kinatosha kuizuia damu isigande ovyo kwa mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo. Na hapa ibuprofeni inaweza kuleta fitina: ikimezwa kwanza hukaa mahali pale pale, kama mgeni aliyewahi kuketi barazani, na aspirini ikija haioni pa kukaa, ikaondoka bila kufanya kazi. Anayetumia zote mbili aelezwe saa za kuzimeza, au abadilishiwe ya maumivu.

Ya kubadilishia mara nyingi ni parasetamoli, ambayo wengi wetu tunaiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Inafanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo kuliko kwenye goti lenyewe, haiondoi uvimbe, lakini tumbo na figo huziacha salama, na kwa mzee mwenye presha hiyo ni neema. Hatari yake iko kwenye ini. Ini huivunja parasetamoli, na sehemu ndogo yake hugeuka sumu ambayo ini lina akiba ya kuizimua. Ukizidisha, akiba huisha na sumu ikabaki inalila ini. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na aliyedhoofu au mwenye ugonjwa wa ini apewe chini ya hapo. Tatizo ni kwamba parasetamoli imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu humeza Panadol, akanywa na pakiti ya mafua, akalala na nyingine ya mgongo, majina matatu, dawa moja. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Hilo jina dogo ndilo dawa, na lile kubwa ni la mfanyabiashara.

Shangazi alikubali kuiacha diklofenaki kwa shingo upande, akawa anatumia parasetamoli na kuchuliwa magoti kwa mafuta. Wiki chache baadaye presha ilishuka bila kuongezewa kidonge chochote.

Kwa mama, mtihani ulikuwa Ramadhani. Kila mwaka, mwezi wa Shaaban ukianza kuisha, watu wenye sukari huja kuniuliza kama watafunga, na jibu siwezi kulitoa mimi pale kaunta, kwa kuwa linategemea dawa gani wanatumia na sukari yao ikoje. Metformini, ambayo asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega na ambayo Mfaransa Jean Sterne alianza kuwatibu watu kwayo mwaka 1957, haikamui kongosho. Inalizuia ini lisimwage sukari ovyo kwenye damu, na kuufanya mwili uitikie insulini yake vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu akikaa na njaa akiwa na metformini peke yake, ni nadra sukari kushuka hata imwangushe. Mama alikuwa akimeza mara mbili kwa siku, na tabibu alimhamishia cha asubuhi kwenye daku na cha jioni kwenye futari. Anayemeza mara tatu kwa kawaida kile cha mchana huunganishwa na cha futari, maana ndipo kaimati, tambi na tende zinapoingia.

Glibenklamaidi haiko hivyo. Hiyo huliminya kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na athari yake hukaa muda mrefu. Mtu aliyeimeza daku akashinda na njaa kutwa anaweza kuanza kutetemeka saa tisa mchana, kijasho chembamba kikamtoka, moyo ukaenda mbio, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na watu wakadhani ni swaumu tu imemchosha. Huyo inafaa abadilishiwe dawa kabla ya mwezi kuandama, wala si baada ya kuanguka. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye mashine, mtu afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebaki dakika kumi. Na kujidunga kidole kwa ajili ya kupima, wanazuoni wengi wameeleza kwamba hakubatilishi saumu. Anayetumia insulini ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote, naye asijipangie mwenyewe.

Chakula kwa dawa nyingine ni adui na kwa nyingine ni rafiki. Omeprazoli ya asidi humezwa nusu saa kabla ya kula, kwa sababu inazizima pampu za asidi zile tu zilizoamka, na chakula ndicho kinachoziamsha. Ukiimeza usiku baada ya kula, umeikosesha wakati wake. Dawa ya malaria ya siku tatu, yenye artemetha na lumefantrini, inataka mafuta. Artemetha hupiga haraka na kuondoka haraka, ikiviua vimelea vingi kwa siku mbili tatu. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikiwasaka waliosalia, lakini tumbo likiwa tupu huingia kidogo sana kwenye damu, na kwa mlo wenye mafuta inaweza kuingia mara 16 zaidi. Hapa kwetu si jambo la kuhangaisha. Wali wa nazi, samaki wa kupaka au hata kikombe cha maziwa vinatosha. Ninachowaomba watu ni mawili tu: wapime kwanza, kwani si kila homa ni malaria, na wamalize vidonge vyote 24 vya mtu mzima, hata kama homa imeondoka baada ya dozi ya pili. Dozi ya pili yenyewe huja saa nane baada ya ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni.

Kuhusu amoksilini, inayoombwa kaunta kuliko dawa nyingine yoyote, maelezo ni mafupi. Inavuruga ujenzi wa ukuta unaoizunguka bakteria, hivyo bakteria ikapasuka. Chembe zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana hatudhuriki nazo, isipokuwa mwenye mzio. Na virusi vya mafua havina ukuta huo pia, ndiyo maana amoksilini haivigusi kabisa.

Na nahodha anayeniomba Piriton kwa ajili ya kuwashwa, kisha anataka kupeleka abiria Mokowe saa hiyo hiyo, ninamnyima bila haya. Klorofeniramini iliyomo ndani yake huizuia histamini, inayoleta mwasho ngozini, lakini hupenya hadi kwenye ubongo ambako histamini hiyo hiyo ndiyo inayotuweka macho. Setirizini hupenya kidogo tu, nayo inafaa zaidi, ingawa hata hiyo aijaribu kwanza siku asiyoshika usukani.

Mwezi wa tatu mama alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukwaruza koo, kinachomzidi usiku, na wote nyumbani tulikisingizia vumbi na upepo wa kusi. Alikunywa asali na tangawizi, akanywa chupa mbili za dawa ya kifua, na mimi mwenyewe ndiye niliyemuuzia ya pili. Ilikuwa aibu yangu, kwa sababu nilipaswa kukumbuka mapema zaidi kwamba kile kimeng'enya kinachofungwa mikono na enalaprili kina kazi ya pili ya kuivunja bradikinini, kitu kingine kinachotengenezwa na mwili, na kisipoivunja hujaa kwenye njia ya hewa ikawa inaikera. Kati ya watu watano na ishirini katika kila mia wanaotumia dawa za kundi hilo hukohoa hivyo. Wachache zaidi huvimba midomo na ulimi ghafla, na hao ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Nilimpeleka kliniki na daftari lake. Tabibu alimwuliza swali moja tu, kikohozi kilianza lini, akalinganisha na tarehe ya enalaprili, akaifuta kwa mstari mmoja na kuandika losatani. Losatani haikigusi kile kimeng'enya. Inaiacha anjiotensini itengenezwe, kisha inawahi kuketi mahali ambapo ingeketi, hivyo bradikinini ikaendelea kuvunjwa kama kawaida na figo zikaendelea kulindwa. Alimwagiza pia arudi baada ya wiki mbili apimwe figo na potasiamu, na apunguze madafu, kwa kuwa dawa hizi hubakisha potasiamu mwilini, na mtu ambaye figo zake zimeanza kuchoka akinywa madafu kila siku anaweza kuilimbikiza hadi ikauvuruga moyo.

Kikohozi kilichukua karibu wiki tatu kuisha. Jioni moja nilipofika dakani niliwakuta wawili wale wale na sinia lile lile, na vidonge vya enalaprili vilivyobaki vimewekwa kando kwenye bahasha yake. "Wifi," shangazi alikuwa akisema, "maadamu wewe hivi huvitaki tena." Niliiinua bahasha nikaitia mfukoni, na kesho yake nikaipeleka dukani kwenye ndoo ya dawa za kuteketezwa.